Maneno Aliyomwambia Ndama

Mliokuwa nasi Jumapili iliyopita mnamjua Tupokigwe wa mtaa wa Bulyaga, Tukuyu, mke wa Lutengano. Mnajua jinsi mwanawe Asukile alivyorudi kutoka uwanja wa mpira shati limechanika na mdomo umevimba, baada ya vijana wa mtaa wa pili, Msasani, kumvua bukta mbele ya wasichana. Mnajua pia alichoambiwa na mama yake badala ya kupewa maji ya kunawa.

"Wanaume wa nyumba hii hawarudi wanalia."

Siku chache baadaye Tupokigwe aliona nondo za chuma zimefichwa chini ya mabua ya mahindi, ndani ya banda la ng'ombe la baba mkwe wake, mzee Ambindwile. Vijana wa Bulyaga walikuwa wakishinda kwa mzee huyo wakisikiliza mpira kwenye redio yake, na alilosema yeye walilifuata. Angewakemea mara moja tu, nondo zingerudi zilikotoka.

Lakini Tupokigwe ni mkamwana. Kwa Wanyakyusa, mkamwana aliyelelewa vizuri hamtazami baba mkwe usoni, hasemi naye, wala halitaji jina lake. Akimwona njiani huingia migombani na kumpa mgongo mpaka apite. Mama mkwe, ambaye angepeleka ujumbe, alikwisha kufariki. Mume yuko kwenye shamba la chai, hurudi mwisho wa mwezi.

Basi Tupokigwe alifanya kama alivyozoea kila alipokuwa na neno la kumfikia mzee. Alisimama nje ya banda akamwambia ndama.

"Wewe ndama, humu ndani kuna vyuma. Vyuma vya watoto. Mwenye banda angesemaje?"

Ndani, mzee akakohoa. Tupokigwe akaona ujumbe umefika, akarudi jikoni kwake moyo umetulia.

Jumamosi vijana walipigana, na Lazaro wa Msasani akapigwa nondo kichwani.

Kesho yake kanisani Tupokigwe hakuimba. Alisimama katikati ya akina mama wa kwaya, kitabu cha nyimbo mkononi, midomo ikifunguka na kufumba bila sauti. Alikuwa anamwomba Mungu jambo moja, tena jambo la aibu: ibada iishe atoke kabla Esnath hajamwona.

Esnath ndiye mama yake Lazaro. Ndiye mwenzake wa maombi tangu walipokuwa na mimba za vijana hao hao. Waliwabatizisha siku moja. Mmoja akiugua, mwingine alimpikia uji.

Ombi lile Mungu hakulikubali. Esnath alikuwa anamngoja mlangoni.

"Mama Asukile, nishike mkono. Miguu haina nguvu."

"Lazaro anaendeleaje?"

"Anafungua jicho moja. Leo asubuhi nimemwita, akaitika vizuri. Akaniita dada. Mimi, mama yake! Akanishukuru kwa kumletea maji, kama mtu anavyomshukuru mpita njia."

Wakaenda nyuma ya kanisa, wakakaa kwenye majani.

"Omba wewe," alisema Esnath. "Maneno yangu yamekwisha. Mungu atakuwa amechoka kusikia sauti yangu."

Tupokigwe akaomba. Aliomba vizuri, kwa machozi ya kweli, akamtaja Lazaro kwa jina, akaomba kichwa chake kipone na akili zake zirudi. Na kila Esnath alipojibu "Amina", Tupokigwe alisikia kama anapigwa kofi.

Walipomaliza, Esnath alijifuta uso kwa pindo la kitenge.

"Unajua ninachowaza? Zile nondo hazikuota barabarani. Zilikuwa kwenye nyumba ya mtu. Kuna mama alifagia pale, akapita pale na ndoo, akaziona. Mimi simlaani. Nataka nimwulize tu: siku alipoziona, alipika nini? Na alipopika, alikula?"

"Labda alisema," Tupokigwe alijibu. "Labda hakusikilizwa."

"Alimwambia nani?"

Ndugu zangu, angejibuje? Angesema amemwambia ndama?

"Sijui," alisema.

Esnath akamkumbatia. Akamshukuru kwa maombi. Akaenda hospitali na kikapu chake, na Tupokigwe akabaki pale kwenye majani mpaka mzee wa kanisa akaja kufunga mlango.

Alipofika nyumbani alimkuta Asukile nje anasugua mabuti yake ya mtumba kwa gunzi la mahindi.

"Asukile, ulikuwepo?"

"Wapi?"

"Unajua ni wapi."

"Polisi wameshaniuliza, mama. Nimewajibu."

"Mimi si polisi."

"Basi usiulize kama wao."

Tupokigwe alikaa kwenye kigoda. Alimtazama mwanawe aliyekuwa amemaliza darasa la saba, hana shule, hana kazi ila kubeba magunia stendi pale wenye magari wanapotaka. Mikono imekuwa ya mtu mzima. Shingo bado ya mtoto.

"Tutakwenda hospitali kumwona Lazaro. Mimi na wewe."

"Nikaseme nini?"

"Ukampe pole."

Asukile akaacha kusugua. "Pole? Waliponivua bukta, uwanja mzima ukacheka. Nilipofika hapa, mama, nani alinipa pole?"

Kijana akavaa mabuti, hata hayajakauka, akaondoka. Maandazi aliyowekewa yalibaki kwenye sahani.

Jumanne asubuhi Tupokigwe alikuwa stendi ya Tukuyu na ndizi zake. Jirani yake pale ni Happyness muuza chapati, mwanamke asiyejua kunyamaza.

"Mama Asukile, ndizi utamuuzia nani na uso huo? Wateja wanadhani umetoka kuzika."

"Niache, mdogo wangu."

"Sikuachi. Halafu mwanao naye! Kapita hapa na jeshi lake, wanaelekea barabara ya Msasani. Mabuti, vitambaa kichwani, kama wale wa kibanda cha video. Nikamwambia, Asukile, kwenye video mtu akipigwa anainuka anakwenda kula chakula, ninyi mnajua hilo? Akanicheka."

"Walikuwa wamebeba nini?"

Happyness akaacha kugeuza chapati. "Viroba. Vyembamba, virefu. Wawili wawili wanabeba kiroba kimoja. Mimi nikasema labda ni muwa."

Mzee mmoja aliyekuwa anakunywa chai pale benchi akaingilia bila kuinua kichwa. "Muwa gani? Na wa Msasani nao wanapanda. Nimewaacha wanakusanyika. Wanasema Lazaro hatalala hospitali peke yake."

Tupokigwe akasimama, ndizi zikamwagika.

"Happyness, kimbia polisi."

"Na chapati zangu?"

"Happyness!"

Happyness alimtazama usoni, akavua aproni, akamkabidhi yule mzee mwiko. "Babu, geuza. Ikiungua, umeinunua." Akakimbia.

Tupokigwe hakwenda polisi wala hakwenda barabarani. Alijua vijana wale hawatamsikiliza yeye. Alijua ni nani watakayemsikiliza. Akashika njia ya nyumbani akikimbia, anaomba huku anahema: Bwana, nimkute. Bwana, nimkute.

Akamkuta. Mzee Ambindwile alikuwa anatoka kufunga ng'ombe malishoni, fimbo mkononi, kofia ya pama kichwani. Alipomwona mkamwana anakuja mbio, alifanya kama baba mkwe mwenye heshima zake anavyofanya. Akaacha njia, akaingia migombani, akampa mgongo ili apite.

Tupokigwe hakupita. Akaingia migombani naye.

Mzee aliposikia majani makavu yanavunjika nyuma yake, akaongeza mwendo. Akaivuta kofia ikafunika uso.

"Baba, simama!"

Mzee akaanza kukimbia.

Ndiyo, alikimbia, mtu mwenye mvi kichwa kizima. Aliruka mfereji, akazunguka shina moja, akapenya kati ya mengine mawili. Tupokigwe nyuma yake, kitenge cha kichwani kimenaswa kwenye kisiki kikabaki huko.

Shambani kwake, jirani yao Atupele aliyekuwa anachuma maharage aliinua mgongo akapiga ukelele.

"Jamani! Njooni muone! Mkamwana anamfukuza mkwewe!"

"Baba, nakuomba!"

"Mama Asukile, umerukwa na akili? Funika kichwa basi! Mwache mzee wa watu!"

Mzee alikuwa amefika ukingoni mwa shamba. Mbele yake palikuwa na njia ya kuteremkia mtoni, na Tupokigwe alijua akiifikia njia ile hatampata tena. Pumzi zilikuwa zimemwishia.

"Ambindwile!"

Atupele akaziba masikio. Maharage yakamwagika.

Mzee alisimama kama aliyekamatwa ukosi wa shati. Tangu aolewe, Tupokigwe hakuwahi kulitamka jina lile. Hata katika sala zake alisema "baba wa mume wangu", akiamini Mungu anamfahamu.

"Ni nani aliyeniita?" aliuliza mzee, bado amempa mgongo.

"Mimi. Mke wa mwanao."

"Nani amekufa?"

"Bado. Ndiyo maana nimekuita."

Mzee akaegemea fimbo yake. Mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka.

"Sema basi. Umekwisha kulivunja, sema."

"Nondo zilizoko bandani mwako, baba. Uwazuie vijana wasizitoe."

"Hazipo. Walizirudisha Jumamosi usiku, na leo asubuhi wakaja kuzichukua tena. Niliwafungulia mwenyewe."

"Uliwafungulia?" Tupokigwe alisahau heshima yote. "Si nilisema! Nilisimama pale nje, nikasema kwa ndama, na wewe ukakohoa!"

"Nilikusikia. Nilisikia kila neno."

"Ukanyamaza?"

Mzee akageuka. Ilikuwa mara ya kwanza watu hawa wawili kutazamana, na kila mmoja alimwona mwenzake amezeeka kuliko alivyodhani.

"Gwe mwana, wewe mtoto," alisema mzee kwa sauti ya chini, "Asukile alipozileta nilimuuliza, vyuma vya nini? Akanijibu, 'Babu, mama amesema wanaume wa nyumba hii hawarudi wanalia.' Nikajua ni wewe uliyemtuma. Kisha ukaja kuzungumza na ndama. Nikafikiri unanikumbusha vyuma vinaonekana, nivifiche vizuri. Nikaongeza mabua."



"Baba, ningewezaje kutaka jambo kama hilo? Ungeniuliza!"

"Ningekuuliza wapi? Kwa ndama?"



"Nilichukia," mzee aliendelea. "Nikasema moyoni, mkamwana huyu ni mkali. Lakini ni mama wa kijana, na mimi si mtu wa kumfuata mke wa mwanangu jikoni nikamhoji. Nikaogopa watu watasemaje. Jumamosi nilipozisikia kelele nikawasha redio."

"Na mimi niliogopa watu watasemaje," alisema Tupokigwe. "Tumeheshimiana, baba, mimi na wewe. Na mtoto wa Esnath hamjui mama yake."

Mzee akavua kofia. Akapangusa uso kwa kiganja.

"Wako wapi?"

"Barabara ya Msasani. Na wenzao wanapanda."

"Twende."

"Tangulia, baba. Nitakuja nyuma kwa mbali."

"Hapana. Twende sambamba. Wakituona hivyo watajua mambo yameharibika."

Wakapita mbele ya Atupele, mkamwana kichwa wazi, mkwe kofia mkononi. Atupele aliinama akaanza kuokota maharage yake.

Vijana wa Bulyaga walikuwa wamekaa juu ya kalvati, viroba viko wazi, kila mmoja na chuma chake. Mmoja alikuwa anasimulia kitu na wengine wanacheka. Kicheko kilikatika.

"Asukile," alinong'ona aliyekuwa pembeni. "Tazama. Babu na... si mama yako yule?"

"Wanatembea pamoja?"

"Nani amekufa?"

Asukile alisimama. Alikuwa na nondo, lakini alivyoishika ungedhani ni kitu alichookota akashindwa kujua pa kukitupa.

"Mama, rudi nyumbani."

"Nitarudi nikimaliza. Nisikilizeni ninyi nyote." Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. "Siku ile Asukile aliporudi amechaniwa shati, alikuwa anahitaji mama. Mimi nikamcheka. Nikamwambia wanaume wa nyumba hii hawarudi wanalia. Sikufikiri. Nilisema hivyo kwa sababu jirani alikuwa anasikia, nami nikaona aibu kuwa na mtoto aliyepigwa."

Kijana mmoja alitaka kuguna. Mzee Ambindwile akamtazama, akaacha.

"Halafu nikaziona nondo hizi. Nilijua ni za nini. Nikasema kwa mafumbo ili nisionekane mkamwana mbaya. Lazaro amepigwa kwa ajili ya maneno yangu, na kwa ajili ya kunyamaza kwangu. Asukile mwanangu, kulia si kosa. Ulipaswa kulia. Mimi ndiye niliyepaswa kukunyamazisha kwa upendo. Nisamehe."

"Na mimi," alisema mzee. "Niliwahifadhia vyuma nikajiona ninalinda ukoo. Wekeni chini. Leo nasema mbele yenu, wekeni chini."

Nondo ya kwanza ililia ilipoanguka kwenye kalvati, ikafuata ya pili. Mtoto wa watu aliyevaa kitambaa chekundu kichwani alikivua akakitia mfukoni.

Asukile hakuweka yake chini. Alikuja nayo mpaka kwa babu yake, akampa kwa mikono miwili. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta.

"Mama, usijitwishe peke yako," alisema. "Hakuna aliyewaambia polisi, na hawa wamenificha. Aliyempiga Lazaro ni mimi. Alikuwa ameshaanguka. Alikuwa ananiita jina langu, ananiambia basi, Asukile, basi. Nikampiga."

Nyuma ya Tupokigwe kitu kilianguka barabarani. Sahani za bati.

Aligeuka. Esnath alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale, anatoka hospitali, kikapu kimemponyoka. Kwa jinsi uso wake ulivyokuwa, hakuwa amefika sasa hivi. Alikuwa amesikia tangu mwanzo.

"Mama Lazaro..."

"Tuliomba wote," alisema Esnath. Hakupandisha sauti. "Jumapili ulinishika mikono, ukamwita Mungu, na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Nilikuuliza alimwambia nani. Ukasema hujui."

Tupokigwe alipiga magoti palepale kwenye vumbi. Alitaka kusema, lakini kutoka chini ya mteremko zilisikika filimbi na vishindo vya miguu. Vijana wa Msasani walikuwa wanapanda, wamejaza barabara, mbele yao Obed, golikipa wao, na panga begani. Polisi hawakuonekana.

Vijana wa Bulyaga walitazama nondo zao chini. Mmoja aliinama. Mzee Ambindwile akaikanyaga nondo ile kwa mguu, kijana akainuka mikono mitupu.

Obed alimwona Esnath, akainua mkono, kundi likasimama.

"Mama, pole. Tumetoka kwa ajili yako. Hatutaki kumwaga damu ya kila mtu, tunamtaka mmoja tu. Umekuwa hapa na hawa, umesikia wanayosema. Tuonyeshe. Ni yupi?"

Asukile alivuta pumzi ya kusema. Babu yake akamshika kifundo cha mkono, akamkaza.

Esnath alimtazama kijana aliyebatizwa siku moja na wake. Kisha akainama, akaokota sahani moja moja, akazipanga kikapuni.

"Msiniulize mimi," alisema. "Muulizeni huyu mwanamke aliyepiga magoti. Anajua vizuri kuliko mimi. Nami nataka nisikie leo atawajibu nini."

Vijana wote, wa Bulyaga na wa Msasani, wakamgeukia Tupokigwe.

Obed alishusha panga kutoka begani, akaja akasimama mbele yake.

"Haya, mama. Ni yupi?"

Alichojibu, ndugu zangu, tutakisikia Jumapili ijayo.